Wagiriki wa kale, akili za wanyama na haki yao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara falsafa ya Kigiriki inapofundishwa au kujadiliwa. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. KK ni kabla ya Kristo, BK ni baada ya Kristo.

## Mambo ya msingi

Kwani Wagiriki walibishania nini hasa?

Mambo mawili yaliyofungamana. Kwanza, je, mnyama ana akili, au ana hisi tu? Pili, je, mnyama anaweza kudhulumiwa, kama jirani anavyoweza kudhulumiwa? Ubishi ulikuwa mkali kwa sababu wengi wao, wa pande zote, walikubali kwamba jibu la swali la kwanza ndilo linaloamua la pili: asiye na akili hana dai lolote la haki. Ndiyo maana maandishi yao yamejaa habari za mbwa, chungu, tembo na kwale. Zililetwa kama ushahidi mbele ya hakimu.

Mpaka wenyewe ulichorwa mapema. Mshairi Hesiod, karibu mwaka 700 KK, aliandika kwamba Zeus aliwaacha samaki, wanyama na ndege walane kwa kuwa hawana haki baina yao, ila wanadamu akawapa haki. Waliokuja baadaye ama waliulinda mpaka huo ama waliubomoa.

"Logos" inayotajwa kila mara ni nini?

Ni usemi, na papo hapo ni akili ipimayo mambo na kutoa sababu. Wastoiki, ambao tutawakuta mbele, walitofautisha logos ya ndani, yaani fikra, na logos ya nje, yaani sauti yenye maana. Tofauti hiyo iliwafungulia mlango watetezi wa wanyama. Punda kutosema hakuthibitishi kwamba hafikiri. Na hata kutosema kwenyewe kulitiliwa shaka: mwanafalsafa Porphyry, katika karne ya 3 BK, aliuliza kama sisi tunaelewa lugha za mataifa ya mbali, ambazo masikioni mwetu ni kelele tupu. Kutoelewa ni upungufu wa msikilizaji.

Kwa nini kuacha nyama lilikuwa jambo zito namna ile?

Kwa sababu nyama ilifungamana na ibada. Katika miji ya Kigiriki ng'ombe, kondoo na nguruwe walichinjwa kwa kafara. Miungu ilichomewa mafuta na mifupa, na watu wakagawana minofu. Aliyesema "mimi sili" alijitoa kwenye karamu ya mji wake na kwenye dini yake pia.

Uzito huo uliendelea hata Roma. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, anasimulia kwamba ujanani aliacha nyama kwa mwaka mmoja kwa kufuata mafundisho ya mwalimu wake Sotion. Huo ulikuwa wakati wa Kaisari Tiberius, ambapo kujiepusha na nyama za wanyama fulani kulihesabiwa kuwa dalili ya kufuata dini za kigeni. Baba yake akamsihi aache, naye akarudia kula.

## Waliotangulia

Pythagoras aliacha nyama kabisa?

Simulizi zinapingana. Pythagoras, mzaliwa wa Samos aliyehamia Croton, kusini mwa Italia, katika karne ya 6 KK, hakuacha andiko lolote. Wengi wa kale wanamtaja kama baba wa wasiokula nyama. Lakini Aristoxenus, aliyekuwa mwanafunzi wa Aristotle, alidai kwamba alikula nyama zote isipokuwa ya maksai wa kulimia na ya kondoo dume.

Lililo imara zaidi ni imani yake kwamba nafsi huhama kutoka mwili hadi mwili. Xenophanes, aliyeishi zama zake, alitunga beti za kumdhihaki: Pythagoras alipita mahali mtoto wa mbwa akipigwa, akamwambia mpigaji aache, kwani hiyo ni nafsi ya rafiki yake, ameitambua kwa sauti ya kilio. Ni dhihaka, lakini ndiyo moja ya shuhuda za zamani kabisa kumhusu, na inatuonyesha kwamba huruma yake kwa mnyama ilijulikana mitaani.

Empedocles je?

Yeye ndiye mkali kuliko wote. Alikuwa wa Acragas, kisiwani Sicily, karne ya 5 KK. Alisema amewahi kuwa mvulana, msichana, kichaka, ndege na samaki. Basi kafara kwake ilikuwa jinamizi: baba anamwinua mwanawe aliyebadilika umbo, anaomba dua, kisha anamchinja, akiwa kiziwi kwa vilio vyake.

Ila angalia hoja yake inakosimama. Mnyama anahurumiwa kwa kuwa ndani yake huenda kuna mtu. Asiyeamini nafsi kuhama haimfungi. Ilibidi hoja nyingine itafutwe. Tazama swali la Theophrastus.

Kulikuwa na waliowasifu wanyama bila habari za nafsi kuhama?

Ndiyo. Mwanafalsafa Democritus alisema sisi ni wanafunzi wa wanyama: kusuka tumejifunza kwa buibui, kujenga kwa mbayuwayu, kuimba kwa ndege waimbao. Mwanafalsafa mwingine, Anaxagoras, alisema mwanadamu amewazidi wanyama wengine akili kwa sababu ana mikono. Aristotle aliligeuza: mikono tumepewa kwa sababu tuna akili ya kuitumia. Kwangu mimi Anaxagoras alikuwa karibu zaidi na kweli, maana kwake tofauti ni ya chombo alichopewa kiumbe, wala haimfanyi kuwa wa daraja jingine.

## Aristotle

Ni kweli Aristotle alisema wanyama hawana roho?

Si kweli, ingawa kosa hili linaenea sana. Kwa Aristotle (384–322 KK) kila chenye uhai kina nafsi. Mmea una nafsi ya kujilisha na kuzaa. Mnyama anaongeza hisi, na pamoja nazo raha, maumivu na matamanio. Wengi wana pia kumbukumbu na taswira za mawazoni. Mwanadamu anaongeza akili ya kufikiri. Alichowanyima wanyama ni hatua hiyo ya mwisho tu. Hoja yake: kuamini jambo kunahitaji kusadiki, kusadiki kunahitaji kushawishika, na kushawishika kunahitaji logos.

Mbona basi katika vitabu vyake vya wanyama anawasifu kwa akili?

Kwa sababu kuna Aristotle mwangalizi wa viumbe, na kuna Aristotle wa siasa, na hawa wawili hawapatani vizuri.

Yule mwangalizi alikaa miaka kadhaa katika kisiwa cha Lesbos, akichunguza viumbe wa lile ziwa la bahari linaloingia kati ya kisiwa. Maandiko yake yanagusa zaidi ya aina 500 za wanyama. Humo anaandika kwamba wanyama wengi wana alama za tabia zinazoonekana wazi zaidi kwa wanadamu: upole na ukali, ujasiri na woga, na hata kitu kinachofanana na ufahamu. Anaeleza mbayuwayu anavyochanganya tope na nyasi kama fundi wa ukuta, na akikosa tope hujilowesha maji kisha akajigaragaza vumbini. Anasema asili hupita kidogo kidogo kutoka visivyo na uhai hadi kwa wanyama, hata mpaka usionekane ulipo.

Yule wa siasa anasema mimea ipo kwa ajili ya wanyama na wanyama kwa ajili ya wanadamu: wa kufugwa kwa kazi na chakula, wa porini, wengi wao, kwa chakula, mavazi na zana. Anasema pia hakuna urafiki wala haki kati ya mtu na farasi au maksai, kwa kuwa hawana jambo la pamoja.

Yeye mwenyewe, hata hivyo, anasimulia habari ya nyumbu (yule chotara wa punda na farasi, si wa mbugani) aliyeishi Athens wakati wa ujenzi wa hekalu. Aliachiliwa kazi kwa uzee, lakini aliendelea kutembea pamoja na wenzake waliokuwa wakivuta mizigo, akiwatia moyo. Watu wa mji wakapitisha amri kwamba wauza nafaka wasimfukuze kwenye vyano vyao. Kama hakuna jambo la pamoja kati ya mtu na mnyama wa kazi, amri ile ilikuwa ya nini? Naiona kuwa hoja nzuri dhidi ya Aristotle, na imo ndani ya kitabu chake.

## Wastoiki na Waepikuro

Kwa nini Wastoiki waliwanyima wanyama haki kabisa?

Shule ya Wastoiki ilianzishwa Athens na Zeno wa Citium karibu mwaka 300 KK. Kwao, ulimwengu unaongozwa na akili, na haki ni uhusiano wa wenye kushiriki akili hiyo: miungu na wanadamu. Wengine wote wameumbwa kwa matumizi yetu. Chrysippus, kiongozi wa tatu wa shule hiyo, anahesabiwa kuwa ndiye aliyesema nguruwe amepewa nafsi mahali pa chumvi, ili nyama yake isioze.

Nyuma yake kulikuwa na hofu ya kweli. Walisema: tukikubali kwamba mnyama ana akili, basi ama tutakuwa madhalimu kila siku, ama maisha yatakwama. Nani atalima? Nani atabeba? Ni hofu ya kuheshimiwa, na majibu ya mwandishi Plutarch hapa chini yanaielekea hiyo moja kwa moja.

Yule mbwa wa njia tatu ni yupi?

Mbwa anafuata windo, anafika njia panda yenye njia tatu. Ananusa ya kwanza, hakuna harufu. Ananusa ya pili, hakuna. Anaitimkia ya tatu bila kuinusa. Ni kama amejisemea: amepita hii, au hii, au ile, si hii wala hii, basi ni ile.

Mfano ulitoka kwa Chrysippus mwenyewe, aliyekubali kwamba mbwa anafanya kitu kilicho sawa na kufikiri, bila kumpa akili kamili. Sextus Empiricus, wa kundi la wenye kushuku kila hoja, aliuchukua na kuugeuza dhidi ya Wastoiki: mbwa wenu anajua mantiki.

Wengi hawajui kwamba Plutarch, mtetezi mkubwa wa wanyama, aliukataa ushahidi huu. Katika mazungumzo aliyoandika, msemaji wake anasema pua ndiyo inayomwonyesha mbwa njia, na kwamba mbwa hahitaji sifa ya bandia. Atazamwe kwa uaminifu wake na kazi zake. Nampenda Plutarch kwa hili. Asiyekubali ushahidi dhaifu kwa sababu tu unamfaa, huyo anastahili kusikilizwa.

Waepikuro walisemaje?

Hawa ni wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus. Kwao haki ni mapatano: tusidhuriane. Epicurus aliandika wazi kwamba kwa viumbe wasioweza kupatana hivyo, hakuna haki wala dhuluma. Akaongeza kwamba hata mataifa yasiyoweza au yasiyotaka kupatana yamo katika hali hiyo hiyo. Nyongeza hiyo inatisha, na inaonyesha udhaifu wa msingi wenyewe: asiye na nguvu ya kuketi mezani anabaki bila kinga, awe mtu au mnyama.

## Watetezi

Theophrastus alileta nini kipya?

Alileta hoja ya undugu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Theophrastus wa Eresos, Lesbos, alikuwa rafiki wa Aristotle na mrithi wa shule yake. Alisema: tunawaita ndugu waliozaliwa na wazazi mamoja, kisha wa ukoo, kisha wa mji mmoja, kisha tunasema Mgiriki ni ndugu wa Mgiriki, na watu wote ni ndugu. Kwa msingi gani? Asili moja, malezi, tabia. Kwa msingi huo huo wanyama hawawezi kuachwa nje: ngozi, nyama na maji ya mwili ni vya namna moja, na nafsi zao zina matamanio, hasira, fikra, na zaidi ya yote hisi, kama zetu. Zinatofautiana kwa ukali, kama miili inavyotofautiana.

Hapa hakuna nafsi iliyohama, wala mbwa hafanyiwi mtihani wa mantiki. Kinachotosha ni kuwa kiumbe anahisi na anataka kuishi. Kuhusu kafara alisema kwamba kumnyang'anya mwingine uhai bila ridhaa yake ni wizi, na mungu hafurahishwi na mali ya wizi. Kwake kafara za kwanza zilikuwa majani na nafaka. Damu ililetwa baadaye na njaa na vita.

Ni kweli Wagiriki walikishtaki kisu mahakamani?

Ndiyo, katika ibada ya Bouphonia, Athens, kwa heshima ya Zeus. Habari imehifadhiwa na Porphyry, akiitoa kwa Theophrastus. Inasemwa kwamba zamani mtu mmoja alimwua kwa hasira maksai aliyekula vyakula vya sadaka. Akaukimbia mji, ukame ukaingia, na kauli ya mungu ikaelekeza nini kifanyike.

Tangu hapo ilifanywa hivi. Wasichana walileta maji ya kunolea shoka na kisu. Mmoja alitoa shoka, mwingine akampiga ng'ombe, mwingine akachinja, wote wakala. Ngozi ikajazwa nyasi, ikashonwa, ikasimamishwa na kufungwa jembe kama mnyama aliye hai. Kisha kesi ikaanza. Wachota maji waliwalaumu walionoa; walionoa wakamlaumu aliyetoa shoka; yeye akamlaumu aliyepiga; naye akamlaumu aliyechinja; wa mwisho akakilaumu kisu. Kisu, kwa kuwa hakina sauti ya kujitetea, kikapatikana na hatia na kutupwa baharini.

Wataalamu wametoa maelezo mengi ya ibada hii. Lililo wazi ni kwamba mji uliona haja ya kumtafuta mwenye hatia. Kitu kisicho na haki yoyote hakifanyiwi kesi.

Plutarch alisema tuishi bila wanyama?

Hapana. Plutarch wa Chaeronea (takriban 46–120 BK) aliwajibu Wastoiki kwamba njia ipo: mnyama mpole na afugane na mtu, afanye kazi kwa kadiri yake, ila asiteswe kwa mchezo. Anamnukuu mwanafalsafa Bion: watoto huwarushia vyura mawe kwa mzaha, lakini vyura hawafi kwa mzaha, wanakufa kweli.

Neno lake zito kuliko yote limo katika maisha ya Cato, yule Mroma aliyewauza watumwa wake wakizeeka. Plutarch anasema wema ni mpana kuliko haki. Sheria tunaitumia kwa wanadamu, lakini wema humwagika hadi kwa wasiosema. Hatuwezi kutupa viumbe vyenye uhai kama viatu vilivyochakaa. Yeye, anasema, hangemuuza hata maksai wake mzee. Kwa sentensi hizo chache ule mnyororo wa "bila akili hakuna haki, basi ruksa" unakatika, kwa kuwa hata aliyeshindwa kuthibitisha akili ya maksai bado anadaiwa wema.

Kuhusu nyama alikuwa mkali zaidi ujanani. Aliuliza ni mtu wa namna gani aliyethubutu mara ya kwanza kutia mdomo kwenye mzoga. Unayejiona umeumbwa kula nyama, asema, muue basi mwenyewe kwa meno yako, bila kisu wala shoka.

Porphyry ana nafasi gani?

Ndiye mkusanyaji mkuu. Mzaliwa wa Tyre (takriban 234–305 BK), aliandika vitabu vinne vya kumrudisha rafiki yake Firmus Castricius, aliyekuwa ameacha nyama kisha akairudia. Maneno mengi ya Theophrastus yametufikia kwa mkono wake. Anasimulia pia kwamba alipokuwa Carthage alimlea kwale aliyekuwa akiitikia sauti yake kwa mlio tofauti na ule wa kuitana na kwale wenzake, na akinyamaza mtu, naye ananyamaza.

Hakuwaandikia wote. Anasema wazi kwamba hawahusu wanamichezo, askari, mabaharia wala mafundi wa mikono. Anamsemesha anayetaka maisha ya falsafa. Hilo ni pungufu lake: lililo dhuluma kwa mwanafalsafa kulitenda lingekuwaje halali kwa askari?

## Maswali ya pembeni

Je, hoja hizi hazitulazimishi kuihurumia na mimea?

Wapinzani waliuliza hivyo hivyo. Theophrastus alijibu kwamba matunda huanguka yenyewe tusipoyachuma, na mti unabaki hai. Asali je? Aliona ni halali kushirikiana, kwani nyuki wanapata utunzaji wetu, mradi wasidhuriwe.

Na simba, nyoka, waharibifu wa mashamba?

Hata watetezi waliruhusu kuwaua wanaodhuru, kama jamii inavyojikinga na wahalifu. Lakini kuwepo kwa wahalifu hakuhalalishi kuua watu wote, na hapo ndipo hoja inapomrudia mwenye kuitoa.

Aristotle alikosea wapi waziwazi?

Kwa pweza. Alimwita mjinga, kwa kuwa huusogelea mkono wa mtu ukitiwa majini. Leo pweza anajulikana kwa udadisi, kufungua vyombo na kutoroka kwenye matangi. Alichokiona Aristotle huenda kilikuwa udadisi huo huo.

Mjadala huu unahusianaje na utumwa?

Kwa karibu mno. Aristotle alisema matumizi ya watumwa na ya wanyama wa kufugwa hayatofautiani sana, kwani wote husaidia kwa miili yao. Ndiyo maana Plutarch, katika habari ya Cato, anawataja mtumwa mzee na maksai mzee pamoja.

Mawazo haya yalifika wapi baadaye?

Ukristo wa magharibi ulichukua zaidi upande wa Wastoiki. Augustine, mzaliwa wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini, aliandika kwamba amri ya "usiue" haihusu wanyama kwa kuwa hawashiriki akili nasi. Vitabu vya wanyama vya Aristotle viligeuzwa Kiarabu, na al-Jahiz wa Basra, karne ya 9, alivitumia na kuvisahihisha katika kitabu chake kikubwa kuhusu wanyama. Mji huo huo wa Basra, karne ya 10, kundi la wanafikra lililoitwa Ikhwan al-Safa liliandika kisa ambamo wanyama wanawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Wanyama hawashindi kesi, lakini kila mmoja anapewa nafasi ya kusema.

Nikitaka kusoma mwenyewe, nianze na nani?

Anza na Plutarch, mazungumzo ya Gryllus: mtu aliyegeuzwa nguruwe na mchawi Circe anamkatalia shujaa Odysseus kurudi kuwa binadamu, na kumpa sababu. Ni mafupi na yanachangamsha. Kisha soma kitabu cha tatu cha Porphyry. Humo uwe mwangalifu kuangalia ni nani anayesema, maana ananukuu kurasa nzima za wengine, na katika kitabu cha kwanza anatoa kwanza hoja za wapinzani wake kwa ukamilifu. Wapo waliomnukuu Porphyry akitetea kula nyama kwa sababu hiyo tu.